Diski imezama ndani ya pingili ya kiuno: je, ni lazima nipasuliwe?

SWALI

Habari za kazi, washauri.

Mimi ni mwanamume wa miaka 36, kazi yangu ni kupakia na kushusha mizigo ghalani. Wiki tisa zilizopita niliruka kutoka nyuma ya lori nikiwa nimekumbatia gunia, nikatua kwa visigino vyote viwili. Palepale nikasikia kama kisu kimechomekwa katikati ya kiuno. Maumivu yamekaa papo hapo, hayashuki miguuni. Yanazidi nikikaa muda mrefu, nikipiga chafya, na hasa asubuhi nikiinama kuvaa soksi. Nikilala chali huku magoti yamekunjwa, yanapungua.

Eksirei ya kwanza haikuonyesha kitu. Wiki ya sita nikafanyiwa MRI. Ripoti inasema kuna kinundu cha Schmorl kwenye bamba la juu la pingili ya tatu ya kiuno (L3), uboho unaokizunguka una majimaji, kuna vinundu vidogo vya zamani kwenye L1 na L2, na hakuna neva iliyobanwa.

Daktari wa kwanza aliniambia diski imetoboa mfupa, nijiandae kwa upasuaji wa kuunganisha pingili. Wa pili alitupia picha jicho akasema vinundu hivyo watu wengi wanavyo, nirudi kazini. Nimejaribu kurudi mara mbili nikashindwa. Mkandaji mmoja anasema ataivuta diski irudi mahali pake. Nimeshauriwa nilale kwenye ubao mtupu, nalala. Nayamudu maumivu kwa diklofenaki ya miligramu 50 mara tatu kwa siku, wiki ya saba sasa, na tumbo limeanza kuniwaka.

Naomba mnieleze: diski yangu imepasuka? Itaendelea kutoboa mpaka ifike kwenye uti? Nikubali kupasuliwa? Na je, nitabeba mzigo tena?

Mbeba mizigo

JIBU

Ndugu yetu, pole sana. Tuanze na tumbo kabla ya mgongo, maana hilo haliwezi kungoja.

Diklofenaki miligramu 150 kwa siku ndicho kiwango cha juu kabisa cha mtu mzima. Dawa za kundi hilo hunywewa kwa kipimo kidogo kinachotosha na kwa siku chache, si wiki saba mfululizo bila mtu kukukagua. Hupunguza kinga ya ukuta wa tumbo, hupandisha shinikizo la damu na huelemea figo. Iache leo, na usiibadilishe kwa ibuprofeni wala naproksini, maana hizo zote ni ndugu wa tumbo moja. Ukipata choo cheusi kama lami, ukitapika damu au kitu kama machicha ya kahawa, nenda hospitali saa hiyohiyo. Hata bila hayo, mwone daktari wiki hii akupime wingi wa damu na kazi ya figo. Huenda akakuandikia dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi omeprazo ya miligramu 20 kabla ya kifungua kinywa.

Kwa maumivu, tumia parasetamoli: vidonge viwili vya miligramu 500 kila baada ya saa sita, visizidi vinane ndani ya saa 24. Kama una uzito chini ya kilo 50, una tatizo la ini au unakunywa pombe mara kwa mara, kipimo hicho kishushwe na daktari. Tukuambie kweli: kwa maumivu ya kiuno nguvu ya parasetamoli ni ndogo. Lakini kinachotafutwa hapa ni upate usingizi na uweze kutembea, si kuyafuta maumivu kabisa. Mtu asiyesikia chochote huinama na kubeba kabla mfupa haujawa tayari.

Kilichotokea ndani ya L3

Kati ya pingili na pingili kuna diski. Kwa nje ni pete ngumu ya nyuzi, kwa ndani ni kiini laini kama jeli nzito. Juu na chini yake kuna bamba la gegedu, unene wake kama milimita moja au pungufu, lililoshikamana na uso wa mfupa. Diski ya mtu mzima haina mishipa ya damu ndani yake, kwa hiyo chakula chake hupenya kutoka kwenye mfupa kupitia bamba hilo. Hapo ndipo ilipo shida. Bamba linatakiwa liwe jembamba na lenye vinyweleo ili lipitishe chakula, na wakati huohuo liwe imara libebe uzito wa mwili. Uzito ukija kwa kishindo, ndilo linaloachia kwanza. Maabara zinaposhindilia pingili wima kwenye mashine, kwa kawaida bamba huvunjika kabla pete ya diski haijachanika.

Ulipotua, nguvu ilipanda wima kutoka visiginoni, na uzito wa gunia ukashuka kutoka juu. Kiini cha diski iliyo kati ya L2 na L3 kikakosa pa kwenda. Kikapasua bamba la juu la L3, sehemu yake ikazama ndani ya mfupa. Hicho ndicho kinundu cha Schmorl, kwa jina la Christian Georg Schmorl, mpatholojia wa Dresden nchini Ujerumani, aliyekieleza mwaka 1927 kutokana na uchunguzi wa migongo ya maiti.

Kwa hiyo diski yako haijapasuka kwa namna watu wengi wanavyoelewa neno hilo. Diski inayotokeza nyuma hugusa neva, na maumivu yake hushuka tako, paja, hadi chini ya goti, pengine na ganzi. Ya kwako imeelekea chini, ndani ya mfupa, ambako hakuna neva ya mguu ya kubanwa. Wala kwa kawaida haiendelei kutoboa mpaka ifike kwenye uti. Mfupa unaozunguka kinundu hujibu kwa kujenga ukuta mgumu, na baada ya muda kinundu hubaki kama kishimo kilichozibwa kingo zake. Na uti wenyewe, yaani kamba ya neva iliyo ndani ya mgongo, kwa mtu mzima kwa kawaida huishia karibu na L1 au L2. Kwenye usawa wa L3 mfereji una neva zinazoshuka tu, nazo ripoti imesema ziko salama.

Mbona basi kunauma hivyo? Kiini cha diski hakina neva, lakini bamba na mfupa vinazo. Kuna neva inayoingilia nyuma ya pingili na kutawanya matawi yake hadi kwenye mabamba ya juu na chini. Jeli ya diski ikigusa uboho ambao haujawahi kukutana nao, mwili huleta uvimbe, na uboho hujaa majimaji. Ni jeraha la mfupa. Ukilifikiria kama ufa mdogo wa mfupa uliojificha ndani, mengi tutakayosema yatakaa mahali pake.

Madaktari wako wawili kila mmoja ameshika nusu ya kweli. Wa pili hakukosea kusema watu wengi wanavyo: vinundu hivi huonekana mara kwa mara kwa watu wasio na maumivu yoyote, hasa kuanzia sehemu ya chini ya kifua hadi juu ya kiuno. Urithi nao una mkono wake. Utafiti wa mapacha wa Uingereza uliochapishwa 2007 ulikadiria kwamba zaidi ya asilimia 70 ya tofauti baina ya watu katika kuwa navyo hutokana na urithi. Vya L1 na L2 vya kwako yaelekea ni vya aina hiyo, vya tangu ujana, na havikuumi. Alipokosea ni kukipa kinundu cha L3 hukumu ileile. Kuwepo kwa kishimo hakusemi kitu. Tunaloangalia ni kama mfupa unaokizunguka umelowa, na kama unapoumia ndipo picha inapoonyesha.

Kuisoma picha yako

Omba nakala ya picha zenyewe, usibaki na karatasi ya ripoti. MRI ya kiuno huja na mafungu kadhaa. Kwenye fungu la T1 mafuta hung'aa na maji huwa meusi. Kwenye fungu la STIR, au T2 iliyozimwa mafuta, maji ndiyo yanayong'aa. Kinundu kibichi huzungukwa na wingu jeusi kwenye T1 na wingu hilohilo huwa jeupe kwenye STIR. Kinundu cha zamani hakina wingu: kina mstari mweusi pembeni, ambao ni mfupa uliokomaa, au mafuta yanayong'aa kwenye T1 na kuzimika kwenye STIR. Kama fungu la STIR halikufanywa, msomaji wa picha anaweza kulipita wingu bila kuliona. Hilo ni kosa la kawaida, nalo ndilo linalozaa ile kauli ya kwamba huna kitu.

Eksirei yako ilikuwa safi kwa sababu ufa mbichi hauna ukuta wa kuonekana. Eksirei huona kinundu pale kingo zake zinapokuwa ngumu, na wakati huo mara nyingi maumivu yameshapita.

Kulinganisha mahali ni jambo la dakika moja. Weka viganja juu ya mifupa ya nyonga pande zote mbili, kisha kutanisha vidole gumba mgongoni. Hapo ni karibu na L4, au juu yake kidogo kwa mwenye nyama nyingi. Kutoka hapo daktari hupanda kifundo kimoja cha mgongo, afike L3, na kugonga polepole kwa ngumi. Ukiruka kwa mguso wa L3 huku jirani zake zimetulia, picha na mwili vinasema lugha moja. Kipimo kingine ni kusimama kwa vidole vya miguu na kujiachia ushukie visigino. Mshtuko wa wima ukiamsha maumivu yaleyale, hoja inaongezeka nguvu. Halafu atembee nawe kwa visigino, kwa vidole, na akuchuchumalishe na kukuinua kwa mguu mmoja. Ukiyaweza yote sawasawa pande zote, neva za miguu ziko kazini.

Visivyo kinundu lakini vinafanana nacho

Hapa hatutaki haraka, kwa sababu wingu la majimaji kwenye pingili si la kinundu peke yake. Maambukizi ya pingili na diski, yakiwemo ya kifua kikuu na ya brusela inayotokana na maziwa yasiyochemshwa, huleta picha ya jamaa hiyo. Saratani iliyosambaa, saratani ya uboho na mvunjiko wa mfupa uliodhoofika nazo pia. Tofauti zipo. Wingu la kinundu huwa la mviringo, limekizunguka kishimo, mara nyingi upande mmoja wa diski. Maambukizi ya bakteria wa kawaida hupenda kulowesha pingili zote mbili zinazotazamana, diski katikati hung'aa na kusinyaa, na mistari ya mabamba huliwa ikafutika. Kifua kikuu kinaweza kuiacha diski nzima kwa muda mrefu huku jipu likijijenga kando ya pingili. Saratani haihitaji kishimo kwenye bamba na mara nyingi hukamata pingili kadhaa au hushika pia vikono vya nyuma.

Vipimo vya damu ni vichache na vinatosha: picha kamili ya damu, pamoja na ESR na CRP, vinavyoonyesha kama kuna uvimbe au maambukizi mwilini. Vikiwa vya kawaida, kwa kijana asiye na homa, asiyekonda, asiyetokwa jasho la usiku, na aliyeanza kuumwa dakika ileile aliyotua kutoka kwenye lori, hatuna sababu ya kutafuta mbali. Viki­wa juu, au maumivu yakianza kukuamsha usiku hata ukiwa umetulia, MRI irudiwe mapema bila kungoja, pengine na dawa ya kung'arisha mishipa, na ikibaki na shaka kipande cha mfupa kichukuliwe kwa sindano.

Kwa msomaji mwingine aliyezidi miaka 50, au anayetumia vidonge vya steroidi kwa muda mrefu, na kinundu kimekuja bila kuanguka wala kubeba, swali la kwanza ni uimara wa mifupa. Apime msongamano wa mfupa kwa DXA. Alama ya T ya -2.5 au chini zaidi inamaanisha mifupa imedhoofika na inahitaji tiba yake. Kwa kijana mwenye vinundu vingi na mgongo uliopinda mbele, daktari huangalia ugonjwa wa Scheuermann, ambao kipimo chake cha kawaida ni pingili tatu zinazofuatana zilizobanwa mbele kwa nyuzi 5 au zaidi kila moja.

Kuna dalili ambazo hazisubiri miadi: kushindwa kukojoa au kutosikia mkojo ukipita, ganzi sehemu za siri na eneo unalokalia tandiko, miguu yote miwili kulegea, au homa pamoja na maumivu makali ya mgongo. Hizo ni za kwenda hospitali usiku huohuo.

Matibabu

Umejaribu kurudi kazini mara mbili na mara zote umeutonesha mfupa. Basi hesabu wiki upya kuanzia leo.

Mkandaji usimruhusu avute wala akukanyage mgongo. Hakuna mkono unaoweza kuirudisha jeli iliyozama ndani ya mfupa, na kuubinya au kuusokota mfupa uliolowa ni kuongeza jeraha. Kukanda misuli ya pembeni kwa upole hakuna neno, kunalegeza mkazo. Ubao nao uondoe. Godoro la ugumu wa kati linafaa zaidi: lala chali na mto chini ya magoti, au ubavu na mto katikati ya magoti.

Wiki mbili za kwanza pumzisha mgongo, lakini usilale mchana kutwa. Tembea dakika 5 hadi 10, mara tatu au nne kwa siku, mahali tambarare. Usikae zaidi ya dakika 20 hadi 30 bila kusimama. Mkanda wa kiuno unaruhusiwa kwa saa mbili tatu za safari au matembezi, si kuuvaa kutwa, na uwe umeuacha ndani ya wiki 4 hadi 6.

Asubuhi ina kanuni yake. Ukiwa umelala, diski hunyonya maji na kuvimba. Mwaka 1999 Wilke na wenzake walichapisha vipimo vya kihisi kilichowekwa ndani ya diski ya mtu mzima mmoja: shinikizo alipolala lilikuwa megapaskali 0.1, na usiku mmoja ulilipandisha hadi 0.24 bila yeye kubeba kitu. Diski iliyojaa ndiyo inayolisukuma bamba kwa nguvu zaidi unapoinama. Ndiyo maana soksi zinakuua. Saa ya kwanza baada ya kuamka usiiname kabisa. Kuamka kwenyewe, geuka ubavu mzima mzima kama gogo, mabega na nyonga pamoja, shusha miguu, jisukume kwa mkono. Soksi zivae ukiwa umelala chali, ukiuleta mguu mmoja mmoja kwako.

Wiki ya tatu anza mazoezi matatu ya kukaza kiuno bila kukikunja, kila siku, mchana au jioni. La kwanza: lala chali, goti moja limekunjwa, viganja viwili chini ya uwazi wa kiuno ili usibonyee, inua kichwa na mabega kidogo tu kutoka sakafuni. La pili: lala ubavu ukiegemea kiwiko, magoti yamekunjwa, inua nyonga mpaka mwili unyooke. La tatu: kaa kwa mikono na magoti, nyoosha mkono wa kulia na mguu wa kushoto bila mgongo kuyumba, kisha badilisha. Kila mara shikilia sekunde 8 hadi 10, usizidishe. Fanya marudio 5, pumzika, 3, pumzika, 1. Wengi huharibu la tatu kwa kuinua mguu juu mno hadi kiuno kinabonyea. Mguu usipite usawa wa mgongo. Kujiinua kwa kukunja tumbo kama mtu anayeketi kutoka chali, kugusa vidole vya miguu na kuruka kamba, yote hayo weka kando kwa miezi mitatu.

Kipimo cha kujua umezidisha ni hiki: maumivu wakati wa zoezi yasizidi 3 kati ya 10, na kesho yake asubuhi yawe yamerudi yalipokuwa jana. Yakiamka juu zaidi, punguza nusu kwa siku mbili. Usiache kabisa.

Wiki ya sita hadi ya kumi na mbili unajifunza upya kuinama. Shika fimbo ya mfagio wima mgongoni, iguse kisogo, kati ya mabega na mfupa wa makalio. Sukuma makalio nyuma, kunja magoti kidogo, shuka. Fimbo ikiachana na mwili sehemu yoyote kati ya hizo tatu, mgongo umejikunja, rudi juu uanze tena. Ukiweza mara 10 bila fimbo kuachana, shika kilo 2 hadi 5 kifuani, na uongeze kilo 2 au 3 kwa wiki kama kesho yake asubuhi maumivu hayajapanda. Haya si mapambo. Katika vipimo vilevile vya 1999, kuinua kilo 20 kwa mgongo uliokunjwa kulileta megapaskali 2.3 ndani ya diski, kwa kukunja magoti 1.7, na kuukumbatia mzigo karibu na mwili 1.1. Kusimama tu ni 0.5. Kilo ni zilezile 20, lakini bamba linabeba zaidi ya mara mbili.

Kama unavuta sigara, acha sasa. Mfupa wa mvutaji hupona polepole na diski inategemea mishipa midogo ya damu iliyo nyuma ya bamba. Vitamini D ipimwe, na irekebishwe ikiwa chini.

Tegemea maumivu yaanze kushuka ndani ya wiki kadhaa hadi miezi mitatu. Wingu kwenye MRI hukawia zaidi, pengine miezi mingi. Usirudie picha kila mwezi kutafuta faraja. Kinundu chenyewe hakitafutika, na hakihitaji kufutika.

Upasuaji

Kwa sasa, hapana. Kuunganisha pingili mbili kwa skrubu ni kufunga kiungo kimoja daima na kuhamishia kazi yake kwa majirani, na jirani wa juu, L1, tayari ana kinundu. Kwa jeraha la wiki tisa ambalo halijapewa nafasi ya kupona, kumpasua mtu ni mapema mno. Sindano ya steroidi karibu na neva nayo haina kazi hapa, kwa kuwa hakuna neva iliyobanwa.

Ukitimiza miezi mitatu ya mpango huu kwa uaminifu na hakuna nafuu, rudi uchunguzwe upya. Baada ya miezi sita kuna kuunguza ile neva ya ndani ya pingili kwa joto la mawimbi ya redio. Hufanywa kwa pingili za L3 hadi S1 (ya kwanza chini ya kiuno) zenye mabadiliko ya uboho kando ya bamba yanayoitwa Modic, aina ya 1 (majimaji) au 2 (mafuta), kwa aliyejaribu tiba nyingine akakwama. L3 yako inaingia kwenye mpaka huo, lakini uliza kama picha yako kweli ina mabadiliko hayo. Baadhi ya vituo hujaza saruji ya mfupa kwenye kinundu kinachouma. Taarifa zake ni za wagonjwa wachache, na hatari yake ni saruji kuvuja hadi kwenye diski au mfereji wa neva. Ukipendekezewa kudungwa diski ili kuamsha maumivu na kuithibitisha, uliza kwanza jibu lake litabadilisha nini, kwa sababu kuidunga diski nzima kumehusishwa na kuchakaa kwake mapema.

Kuhusu kazi

Utabeba tena, tunaamini hivyo, ila si kwa tarehe bali kwa vipimo. Kabla ya kugusa gunia uwe unatembea dakika 40 bila kusimama, unashuka kwa visigino bila mshtuko kiunoni, L3 haiumi ikigongwa, na unainua nusu ya uzito wako wa kawaida wa kazini mara 10 kwa siku tatu mfululizo bila asubuhi kuharibika. Omba barua ya daktari inayotaja kilo, si neno "kazi nyepesi", maana kila msimamizi hulitafsiri apendavyo: kwa mfano kilo 5 kwa wiki mbili, 10 kwa wiki mbili zinazofuata, kisha 15. Mzigo wa mwanzo wa siku uanze angalau saa moja baada ya kuamka. Na kwenye lori, teremsha mzigo kwanza uuweke ukingoni, kaa, shuka kwa mguu mmoja ukishika ubavu wa gari, ndipo uuchukue.

Ukienda kwa daktari wiki hii, chukua CD au faili la picha zote za MRI, orodha ya dawa ulizokunywa na siku ulizozinywa, na umuulize mambo matatu: kama wingu la STIR limekizunguka kinundu cha L3 peke yake, kama mistari ya mabamba ya L2 na L3 mahali pengine ni mizima, na kama ESR na CRP zako ni za kawaida. Tuandikie majibu yake.